Faini ya Kilimambogo

Viatu vya mume wangu vilikufa Kilimambogo, kilomita ya tano, na nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi watoto wakiwepo. Hiyo ni amri yake. Watoto wenyewe ndio wanaolitaja kila siku, kwa hiyo na mimi sioni ninachoficha. Nilikuwepo, na mpira uliotumika kuvifunga ni mimi niliyeuomba.

Yote yaliletwa na presha. Likizo ya Agosti mwaka jana hema la kupima afya bure liliwekwa karibu na kwetu hapa Dandora Phase 4, na kitu cha bure huku hakikosi foleni. Mimi nilipanga foleni kwa sababu nilisikia kuna vyandarua. Vyandarua havikuwepo. Nilichopewa ni karatasi iliyoandikwa 158 kwa 98, na kijana wa koti jeupe akaniuliza, "Mama, unafanya mazoezi?" Nikamwambia naishi orofa ya nne. Akacheka, akadhani natania.

Jengo letu halina lifti. Ngazi ni 68, na nilikuwa nazipanda kwa mikupuo miwili. Nikifika orofa ya pili nasimama mlangoni kwa mama wa pale, namwuliza habari za watoto, za kazi, za mguu wake. Yeye alidhani ni upendo. Ilikuwa pumzi.

Kijana akaniambia dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia: nenda kwa miguu, mwendo ambao unaweza kuongea lakini ukijaribu kuimba unashindwa. Nikaipeleka habari hiyo kwenye chama chetu cha Jumapili. Sisi ni wanawake kumi na mmoja, na ikaonekana watatu wana presha, wawili sukari, na waliobaki hawajapimwa kwa sababu wanajua watakachoambiwa. Mwenyekiti wetu ni mwanamke asiyecheka kabla ya hesabu kufungwa. Alipiga mahesabu papo hapo: nusu saa mara tano. Akapitisha, akaweka na faini. Asiyetokea, shilingi 50. Anayechelewa, 50. Kuhusu ile sehemu ya kuongea tukitembea, hakuna aliyeuliza swali.

Sasa mtembee wapi? Mlima tunao, na ni maarufu, ila ni wa takataka. Ulianza kumwagwa mwaka 1975, miaka ileile Benki ya Dunia ilipokuwa inakopesha pesa za kukata ploti hizi zetu, na kufikia 2001 ilikwishatangazwa kwamba umejaa. Umejaa hivyo hivyo na bado unalishwa. Asubuhi utaona watu wameupanda na magunia, wanaokota plastiki na chuma, na wale korongo wakubwa wenye vipara wamesimama katikati yao kama askari wa zamu. Upepo ukigeuka, moshi unashuka mitaani na mazoezi yanaishia hapo, kila mtu ameziba pua na leso. Katika chama chetu yumo mama aliyesomesha watoto watatu kwa mlima huo. Tulipomwambia tunaanza kupanda milima, alitutazama kwa muda akasema yeye amestaafu. Siku ya safari alikuja, lakini kwa masharti kwamba hatabeba kitu mgongoni.

Tukaanza na barabara, alfajiri, kabla ya matatu kuchangamka. Baada ya miezi miwili mwenyekiti akasema tuko tayari kwa Ngong.

Mama mkwe aliposikia, alikuja mwenyewe kutoka Phase 1. Yeye ni wa wale wa kwanza, waliopewa ploti yenye choo na bomba wakaambiwa nyumba mtajijengea, wakajijengea chumba baada ya chumba. Lakini kuzaliwa ni Murang'a, ambako hata kwenda kwa jirani ni kushuka bonde na kupanda kilima. Aliketi, akakoroga chai yake polepole. "Eti unalipa nauli ukapande mlima?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukifika juu?"

"Tunashuka."

"Bila kuni?"

Sikuwa na jibu. Akanywa chai yake yote, na alipoondoka akamwambia mwanawe mlangoni, kwa sauti aliyojua nitaisikia, kwamba mke akianza kwenda mahali bila kurudi na mzigo, mume afikirie.

Mume wangu akafikiria. Ngong nilirudi jioni pua imeungua jua na midomo imepasuka kwa upepo, maana vile vilima, ambavyo kilele chake kina mita 2,460, havina kivuli, na upepo wake ndio unaozungusha ile mitambo ya umeme mirefu iliyopangwa juu kule tangu miwili ya kwanza ilipowekwa mwaka 1993. Nilimwonyesha picha: mimi chini ya mtambo, mimi na mwenyekiti chini ya mtambo, sote kumi na mmoja na ng'ombe wa mtu. Akazipitisha zote kwa kidole. "Hii unaweza kupigwa hata studio," akasema. Ng'ombe nilimwacha yeye mwenyewe amweleze.

Kikubwa zaidi kilikuwa Jumamosi. Maji kwetu yanakuja siku mbili kwa wiki, moja ni Jumamosi, na hayapandi juu; unachota chini kwenye mfereji wa ploti. Mitungi minane ya lita 20. Kifungua mimba wetu ndiye alikuwa mbebaji mkuu mpaka alipokwenda chuo, halafu kazi ikawa ya kijana wa mkokoteni niliyekuwa nikimlipa kutoka kwa pesa zangu za mandazi. Nilipoanza mlima, nikamkabidhi mume wangu Jumamosi yote: maji, nguo, na githeri ya mchana.

Githeri iliungua. Nguo nyeupe za shule zilifuliwa pamoja na fulana yake nyekundu ya timu, na kitindamimba wetu akaenda darasani na soksi za waridi. Maji yaliletwa. Lakini mwisho wa mwezi niligundua pesa ya stima imepungua, nikauliza, na kumbe baba wa nyumba alikuwa amebeba mtungi mmoja wa kwanza hadi orofa ya pili, akamsalimia mama wa pale kwa muda mrefu, kisha akamwita kijana wa mkokoteni ambaye kwa orofa ya nne siku hizi anataka hamsini kwa mtungi. Mara nane, mara wiki nne. Nilipomwonyesha hesabu alikaa kimya, halafu akasema sentensi ambayo naamini alikuwa ameiandaa kwa wiki nzima:

"Mlima gani huo unapandwa kila mara? Safari ijayo na mimi naenda."

Mwenyekiti aliletewa ombi. Akauliza kama anakubali katiba. Tukasema anakubali. Akaongeza kifungu kimoja kwa ajili yake, baada ya kusikia jinsi wanaume wengine wanavyosumbua safarini: atakayeuliza "tumebakisha ngapi?" atatoa shilingi 50.

Mume wangu ni mtu wa maandalizi. Siku tatu baadaye alikuja na viatu vya mlima, mitumba ya daraja la kwanza, vya ngozi, vizito, vyenye kamba nyekundu na soli yenye meno kama trekta. Muuzaji alitaka elfu tatu, akakubali 1,800. Kwa kweli vilikuwa vizuri. Havikuwa na mkunjo hata mmoja. Mwenyewe wa kwanza, huko Ulaya alikokuwa, hakuwahi kuvitembelea popote. Mume wangu alivipaka mafuta akaviweka juu ya meza ya televisheni wiki mbili nzima, na jioni alivivaa akatembea zuliani kutoka kitini hadi dirishani. Nilimwomba avivae walau mpaka kwa mama mboga, avizoee. "Vitachakaa," akasema.

Asubuhi yenyewe tulikubaliana matatu ituchukue saa kumi na mbili. Tulikodi ile ya watu 14. Mume wangu alifika dakika tisa baadaye kwa sababu ya kamba za viatu, na kabla hajakaa mweka hazina alikuwa ameshanyoosha mkono.

Tukashika barabara ya Thika, tukapita mji, tukaingia ya Garissa, na muda si mrefu mlima ukawa mbele yetu peke yake kwenye tambarare, kama mtu aliyeachwa na gari. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Wakamba wanauita Kyanzavi. Sisi wengine Kilimambogo, kwa sababu ya mbogo, ambao bado wamo. Ndiyo maana hupandi hivihivi. Ni mbuga ya taifa tangu 1967, unalipa langoni kwa simu, na mnapewa askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Sisi tulipewa wawili. Mume wangu alipoona bunduki alinitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeiona tangu arusi.

Kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita tisa za barabara ya murramu inayozunguka ndani ya msitu. Kilomita ya kwanza aliongoza yeye. Alikata fimbo, akaeleza namna ya kuvuta pumzi, akamwonya mwenyekiti asikanyage na kisigino. Kilomita ya pili alikuwa katikati. Ya tatu nilimsikia nyuma yangu akiuliza, polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kwani tumebakisha ngapi?" Mweka hazina, aliyekuwa mita thelathini mbele, akageuka na kuandika. Hakujifunza. Kufikia kilomita ya tano alikuwa na deni la faini nne.

Hapo ndipo kisigino cha kulia kilipoanza kusema. Kwanza kilikuwa kama mlio wa ulimi, tak, tak, kila hatua. Nikatazama chini nikaona nyuma yake kwenye murramu mstari wa makombo meusi, kama ya keki ya chokoleti. Alipoinua mguu, soli ilibaki chini upande wa nyuma, ikafunguka mdomo, na ndani hapakuwa na msumari wala gundi, palikuwa na unga. Niligusa kwa kidole, kikazama. Mume wangu akasema ni kitu kidogo, akapiga hatua ya mguu wa kushoto, na wa kushoto ukaacha soli nzima barabarani, imelala na meno yake juu, kamili kama iliyotoka dukani.

Hakuna aliyecheka, maana katiba haikusema lolote kuhusu kucheka na kila mmoja alikuwa anamtazama mwenyekiti. Ndipo mwenyekiti akacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo tena.

Fundi wa viatu wa mtaani kwetu alinieleza baadaye. Soli za aina hiyo ndani yake kuna povu, na povu hilo hula unyevu wa hewa taratibu mpaka linaoza lenyewe. Kiatu kinaweza kukaa kabatini miaka kumi, nje kinang'aa, ndani kimekwisha. "Hiki hakifi kwa kuvaliwa, mama," akasema akikivunja kwa vidole. "Kinakufa kwa kuwekwa." Basi ule usafi uliompendeza mume wangu, ngozi isiyo na mkunjo, ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Na wiki mbili juu ya televisheni hazikusaidia.

Lakini pale msituni hatukuwa na fundi. Mama wa kwetu anayeuza mboga na kuzibeba kwa bodaboda hatembei bila blada, zile tepe za mpira wa tairi. Nilimwomba, akatoa mbili. Nilimketisha mume wangu kwenye jiwe, nikapanga soli, nikazungusha mpira mara nne kila mguu, nikavuta mpaka akasema "aii", nikafunga. Alisimama. Alikuwa anatembea kama bata aliyeitwa mahakamani, lakini alitembea.

Karibu na kilomita ya saba kuna kiwanja kando ya barabara chenye makaburi. Amelala hapo Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis, aliyekuja akawa na mashamba makubwa upande wa Juja, akafa mwaka 1925. Ile maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa 1931, mkewe ndiye aliyeijenga kwa kumbukumbu yake. Mkewe naye yuko hapo, na mtumishi wao, Louise Decker. McMillan alikuwa mtu wa mwili mkubwa sana, na askari wakatusimulia kama inavyosimuliwa siku zote: kwamba alitaka azikwe kileleni kabisa, lakini gari la jeneza likashindwa na mwinamo, ikabidi wamshushe hapa, kilomita mbili kabla.

Mume wangu alisikiliza hadithi hiyo akiwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili. Akatazama kaburi. Akatazama barabara ilivyopanda na kupotea kwenye miti. Akatazama miguu yake.

"Huyu mzee alikuwa na akili," akasema. "Alijua pa kuishia."

Akaketi. Kina mama wawili wa sukari nao wakaketi, na askari mmoja akabaki nao. Mwenyekiti akanitazama mimi. Nakiri sikufikiria sana. Nilimwachia chupa ya maji na ndizi mbili, nikapanda.

Zile kilomita mbili ndizo ninazozikumbuka kwa mwili. Hatukuongea. Nilijaribu kuimba, nikashindwa, nikajaribu kuongea, nikaweza, nikajua presha yangu iko kazini. Juu, mita 2,145, kuna minara ya simu na miti, na mahali miti inapoachia unaona Thika, mashamba ya mananasi, na mto Athi unavyojikunja chini. Mlima Kenya ulikuwa umejifunika. Upande wa kusini magharibi nilitafuta Dandora. Nilichoona ni ukungu wa rangi ya chai ya maziwa, nikakadiria tuko ndani yake mahali fulani.

Simu ikalia. Mtandao kule, na ile minara, ni mzuri kuliko jikoni kwetu.

"Umefika?" Ni yeye.

"Nimefika."

"Unaona nini?"

"Nairobi."

"Angalia kama kuna mvua," akasema. "Nimeacha nguo kwenye kamba."

Tuliposhuka tukamchukua, akaomba kwamba kabla ya kurudi tupite Fourteen Falls, ni karibu, walau na yeye awe ameona kitu. Ni maporomoko mapana ya mto Athi, na maji yake yananguruma vizuri. Lakini ukisogea, kando ya mawe kumekwama chupa, mifuko, ndala za mguu mmoja, kichwa cha mwanasesere. Mto Nairobi unaopita mgongoni mwa lile jalala letu humwaga maji yake ndani ya Athi, na Athi ndiyo hii. Tulilipa matatu tuje tutazame vitu vilivyotangulia bila nauli. Yule mama aliyestaafu alichutama, akachagua chupa moja, akaigeuza. "Hii kilo ilikuwa na bei nzuri," akasema.

Mume wangu, ambaye soli ya kushoto ilikuwa imekatika vipande viwili, akafungua blada na kutaka kuutupa mzigo huo hapohapo.

"Usitupe," mwenyekiti akasema. "Maji haya yanaitwa Galana mbele, halafu Sabaki, yanaingia baharini Malindi. Rudi nao ukautupe nyumbani."

"Nyumbani jalalani?"

"Ndiyo."

"Na kutoka jalalani?"

Mwenyekiti alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna faini ya swali hilo. Tukapanda matatu, soli ziko ndani ya mfuko, mfuko uko mapajani mwa mume wangu, na yeye yuko miguu mitupu mpaka Dandora.

Viatu fundi ameviwekea soli za tairi, kama akala. Vinakaa mlangoni na vinatoka. Amevivaa Ngong mara moja tayari. Mimi nilipima presha mwezi uliopita kwa duka la dawa, ikasoma 136 kwa 86. Mama wa orofa ya pili aliniuliza kama amenikosea, maana siku hizi nampita bila salamu.

Lakini nilitaka kusema kuhusu usiku uleule wa Kilimambogo. Tulifika saa mbili, nguo zimelowa kwenye kamba kama alivyohofia, na saa tano maji yakaja. Kijana wa mkokoteni alikuwa amelala, na hata angekuwa macho, pesa ya mume wangu yote ilikuwa kwa mweka hazina. Nikachukua mtungi, naye akachukua mtungi, akiwa na ndala za kitindamimba zisizomtosha. Nilifika nyumbani nikamwaga, nikarudi kuchukua mwingine. Nikamkuta orofa ya tatu gizani, ameketi juu ya mtungi wake, mkono umeshika ukuta.

"Mama," akanong'ona, "tumebakisha ngapi?"

Mlango wetu ulikuwa wazi. Kutoka juu, sauti ya mtoto ambaye alipaswa kuwa amelala tangu saa tatu ikajibu:

"Hamsini!"